Kidole cha Asali

Kama kulikuwa na mtu katika mtaa mzima wa Jericho aliyejua kulea mtoto, basi ni Mama Mwanzia. Na kama hukulijua hilo, angekuambia mwenyewe bila kuulizwa, huku akikupimia ndengu kwa gorogoro na kukuongezea konzi moja ili unyamaze usikilize. Alikuwa amelea watano wa kwake na wawili wa dada yake, wote wazima, wote wana meno. Ndiyo maana ilimkera kupita kiasi kwamba mjukuu wake wa kwanza, msichana aliyepewa jina lake, Mbinya, kama desturi ya Wakamba inavyotaka, alifika wiki ya tisa bila kumtazama mtu usoni.

Mtoto alisikia vizuri. Ukiongea, alitulia, ukiimba, alirusha miguu. Lakini macho yake yalizurura tu, hayakutua mahali. Na katikati ya kila jicho, pale panapostahili kuwa peusi, palikuwa na weupe kama tone la maziwa.

"Ni usingizi," Mama Mwanzia alisema wiki ya tano. Wiki ya saba alisema ni mwanga wa dirishani. Wiki ya tisa Koki, mke wa mwanawe, hakungoja maoni mengine. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda kliniki, na kliniki wakamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Mama Mwanzia alifunga kibanda chake sokoni akamfuata mbio. Mtu mwenye jina lake angetibiwaje yeye akiwa hayupo?

Daktari wa macho aliitwa Ruqiya, mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa kijivu na sauti ya taratibu. Alimulika macho ya Mbinya kwa tochi ndogo, akamulika tena, kisha akavuta kiti akaketi karibu nao.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Yote mawili."

"Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee!" Mama Mwanzia aliruka. "Mimi mwenyewe sina. Huyu ameutoa wapi?"

"Wengine huzaliwa nao, mama. Tunaweza kuuondoa kwa upasuaji. Ila kuna jambo jingine." Daktari alifungua kitabu cha kliniki. "Imeandikwa hapa alichelewa kulia alipozaliwa, na siku ya pili akapata degedege. Kwa hiyo sijui kama hatazami kwa sababu macho yamezibika, au kwa sababu ubongo uliumia, au ni yote mawili."

"Hujui?"

"Sijui."

"Na wewe ndiye daktari?"

Koki alimkanyaga mguu mkwewe chini ya meza. Daktari Ruqiya hata hakukasirika. "Mimi na wengine wote duniani hatujui vya kutosha," alisema. "Ndiyo maana tunafanya utafiti wa watoto kama Mbinya."

Akawaeleza. Watoto wangevalishwa kofia yenye nyaya nyembamba, wamulikwe taa, na mashine isikilize kama ubongo unapata habari kutoka machoni. Kisha wangefanyiwa upasuaji, wapewe miwani, na kupimwa tena na tena kwa miaka miwili. Matibabu, miwani na nauli ni juu ya utafiti. Sharti lilikuwa moja: upasuaji ufanyike kabla mtoto hajatimiza wiki kumi na mbili. "Ubongo hujifunza kuona mapema sana," alisema. "Ukikaa gizani muda mrefu unazoea giza, na hata jicho likisafishwa halimsaidii mtu."

"Na akipitisha hizo wiki?" Koki aliuliza.

"Tutamtibu bado, sitamfukuza. Lakini ataingia foleni ya kawaida, na foleni hiyo sasa ni miezi mitano."

Koki alisoma karatasi za idhini ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, huku kidole kikifuata mistari. Mama Mwanzia alikatiza kila baada ya aya. Mtamtoa damu? Kidogo. Mtaiuza? Hakuna wa kuinunua, mama. Tukichoka tunaweza kutoka? Siku yoyote, na mtoto ataendelea kutibiwa.

Kofia yenyewe ilimfanya Mbinya aonekane kama kichwa kilichoanza kusukwa kikaachwa katikati. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Kwenye kioo cha mashine mstari ulilala tambarare, ukalala, ukalala. Kisha ukanyanyuka kidogo.

"Hapo," Daktari Ruqiya alinong'ona. "Mmeona? Ni kidogo, lakini kuna mwanga unaofika."

Mama Mwanzia hakuelewa mstari wala mashine. Alielewa uso wa daktari, na uso ule ulikuwa unatabasamu. Machozi yalimtoka papo hapo, akayafuta kwa pembe ya leso akisema vumbi la hospitali limezidi.

*

Siri haikai Jericho. Wiki iliyofuata Asenath, muuza mboga wa kibanda cha pili, alingoja hadi wateja wawe watano ndipo akapaza sauti.

"Mama Mwanzia! Ati mmepatia mtoto watu wa risachi? Wanalipa ngapi?"

"Nauli."

"Nauli tu? Mtoto mzima?"

Wateja waliinamia ndengu wakajifanya wanachambua. Mama Mwanzia alihisi masikio yanawaka moto. Lakini hakuna aliyewahi kumshinda kwa mdomo katika soko lile, na hakuwa tayari kuanza siku hiyo.

"Asenath, wewe kitinda mimba wako ulimuuza bei gani? Maana kila siku namwona hapa anakula karoti zako. Mnunuzi alimrudisha?"

Soko likacheka, Asenath mwenyewe akacheka hadi akashika kiuno. Hata hivyo neno lilikuwa limeshatoka. Lilivuka barabara, likafika hadi Majengo, kwenye karakana alikochonga vinyago Mwanzia, baba wa mtoto, naye akarudi jioni na vumbi la mbao kichwani na uso umekunjamana.

"Wenzangu wanasema watamfanya mtoto wangu panya wa kujaribia."

"Wenzako wamesoma zile karatasi?" Koki aliuliza.

"La."

"Mimi nimesoma. Na wewe ulisaini nilipokuletea nyumbani." Alimpa mtoto ambebe. "Sasa mwambie yeye asubiri giza lake kwa sababu ya wenzako."

Mwanzia alimtazama binti yake, na binti yake hakumtazama. Hakulizungumzia jambo hilo tena.

*

Siku ya upasuaji ilikuwa Jumanne. Chumba cha upasuaji cha watoto hufunguliwa Jumanne tu, na Alhamisi ya wiki hiyo Mbinya angetimiza wiki kumi na mbili kamili. Hakukuwa na Jumanne nyingine.

Muuguzi alikuwa amewapa maagizo kwa maandishi: mtoto anyonye mara ya mwisho saa kumi alfajiri. Baada ya hapo, asipewe maziwa, asipewe uji, asipewe maji. Koki aliibandika karatasi ukutani juu ya jiko, na saa kumi alfajiri akanyonyesha, kisha akafunga gauni lake vifungo vyote kama mtu anayefunga duka.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu Koki alikwenda kuoga, na Mwanzia alikuwa nje akitafuta usafiri. Mbinya alianza kulia kwa njaa. Si kilio cha kawaida. Kilikuwa kilio cha mtu aliyedhulumiwa, tena na watu wake mwenyewe.

Sasa, katika ukoo wa Mama Mwanzia hakuna mtoto anayetoka nyumbani kwa safari kubwa bila kulambishwa asali na mtu mwenye jina lake. Ndivyo alivyofanyiwa yeye, ndivyo Mwanzia alivyofanyiwa na babu yake siku ya kwanza ya shule. Asali yenyewe ilitoka kwao Mwingi, nyeusi, katika chupa iliyofungwa kwa gunzi la hindi. Alisimama mbele ya ile karatasi ukutani akaisoma neno kwa neno. Waliandika maziwa. Waliandika uji. Waliandika maji.

"Asali hawakuandika," alimwambia mjukuu wake.

Akachovya kidole. Mbinya alikinyonya kwa nguvu hadi bibi yake akacheka. Akachovya tena. Koki alipotoka bafuni alikuta mtoto ametulia na mkwewe ananawa mikono, akasema, "Afadhali amenyamaza."

*

Hospitalini walikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nyuma yao alikuwapo Jecinta, msichana wa miaka ishirini hivi kutoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben, na mwanawe wa miezi miwili aliyekuwa na tatizo hilo hilo. Daktari wa dawa ya usingizi, mwanamume mnene aitwaye Bedan, alikuja na kalamu.

"Mtoto amekula chochote tangu saa kumi?"

"Hapana," Koki alijibu.

"Hakika?"

"Hakika, daktari. Amelia njia nzima."

"Vizuri. Samahani kuwasumbua, lakini ni lazima tuulize. Tukimlaza usingizi huku tumboni mna kitu, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Hapo ndipo tunapopoteza watoto." Akaandika, akapiga mstari, akamnyooshea mikono Mbinya.

Mama Mwanzia alikuwa amesimama ukutani. Alisikia lile neno kupoteza. Vidole viwili tu, alijiambia. Vidole viwili ni nini? Na akisema, nafasi itakwenda, na Jumanne nyingine haipo, na miezi mitano ubongo utakuwa umeshazoea giza. Na Koki atajua. Mbele ya watu wote hawa Koki atajua kwamba mkwewe, mlezi wa watoto saba, ameshindwa kutii karatasi ya mistari mitatu. Basi anyamaze. Asali imeshayeyuka, ni tone tu. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni, na kimguu cha Mbinya kilikuwa kinaning'inia kwenye kiwiko chake, kimevaa soksi ya manjano.

"Ngojeni!" Sauti iliyotoka ilikuwa ile ya sokoni, sauti ya kuita wateja wa ng'ambo ya barabara, na wauguzi watatu wakageuka kwa pamoja. "Simama hapo, daktari! Nimempa asali!"

"Umempa nini?" Koki aliuliza polepole.

"Asali. Vidole viwili. Saa kumi na mbili na nusu." Alitazama sakafu. "Haikuwa imeandikwa."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kisha akajizuia. Bedan alirudi akamweka Mbinya mikononi mwa mama yake, akavua barakoa. Hakupayuka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata siku ya kawaida. Ina vijidudu vinavyoweza kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Mtamwangalia wiki kadhaa zijazo. Akishindwa kunyonya, akikosa choo, sauti ya kilio ikififia, mnakuja mbio." Alitazama saa. "Kwa leo, ni lazima zipite saa sita tangu alipokula. Anakuwa wa mwisho badala ya wa kwanza. Chumba kinafungwa saa nane. Wengine wakichelewa, sina la kuahidi." Akageuka, kisha akageuka tena. "Lakini umesema. Wengi hawasemi."

*

Walimtundikia Mbinya dripu ili asikaukiwe, wakaambiwa wangoje kwenye benchi. Jecinta alimpeleka mwanawe ndani, akarudi mikono mitupu, akaketi kati ya wanawake wawili wasiosemeshana.

Saa tatu. Saa nne. Mwanzia, aliyekuwa amepitia karakanani kuomba ruhusa, alifika, akaelezwa na mkewe kwa sentensi moja, akamtazama mama yake, akaenda kusimama dirishani. Angekuwa amemtukana ingekuwa nafuu. Mama Mwanzia alijaribu kuomba Mungu, akagundua kwamba maombi yake yote yalikuwa malalamiko.

"Shosho, tulia," Jecinta alisema, akimgusa bibi huyo goti. "Wangu ameingia mapema juu yako. Mambo itakuwa sawa."

Saa tano na nusu mwana wa Jecinta alitoka, macho yamefunikwa, anakoroma kama mzee. Wakabaki watoto wawili mbele ya Mbinya. Saa sita. Saa sita na nusu, muda wa asali ukawa umekwisha, lakini mlango haukufunguka. Saa saba kasoro robo Koki alizungumza, macho yake yakiwa kwenye mlango.

"Nimekasirika, mama. Sitakudanganya kwamba sijakasirika."

"Kasirika, mwanangu. Ni haki yako."

"Nimekasirika sana. Lakini nimekaa hapa nikajiuliza, ingekuwa ni mimi, ningeweza kupiga kelele vile mbele ya watu wote?" Alimweka mtoto vizuri mapajani. "Sijui kama ningeweza."

"Mimi kelele ni kazi yangu," Mama Mwanzia alisema. "Hamsini na nane, Koki. Miaka hamsini na nane na mtu bado anaweza kuwa mjinga hivi?"

"Inawezekana kabisa," Koki alijibu, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Kisha akateleza kwenye benchi, akamsogelea mkwewe hadi mabega yakagusana.

Saa saba na dakika tano mlango ulifunguka. Daktari Ruqiya mwenyewe alisimama pale, jasho limemlowesha mtandio. Alisema, "Leteni huyo msichana wa asali, upesi," na Koki akakimbia.

Chumba kilipaswa kufungwa saa nane. Kilifungwa saa tisa kasoro dakika kumi, na hakuna daktari hata mmoja aliyeitaja saa.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Weupe uliondoka, na mahali pake palikuwa peusi tii, kama mbegu ya papai. Asali nayo haikumdhuru; kwa wiki tatu Mama Mwanzia alichunguza kila nepi kama karani wa forodha, na chupa yake akaipandisha juu ya kabati, mbali na mkono wake mwenyewe. Lakini Daktari Ruqiya aliwaonya. "Macho yako wazi. Ubongo ndio sasa unaanza shule. Atajifunza sana, au atajifunza kidogo, siwezi kujua. Mkiona lolote, hata dogo, nipigieni."

Miwani ilikuja, minene kama vitako vya glasi, imefungwa kisogoni kwa mpira wa waridi. Asenath alikuja kuona akasema, "Wee! Huyu ni mwalimu mkuu kabisa!" Akaacha sukuma wiki za bure mezani, na kwa Asenath hilo ni ombi la msamaha.

Siku ya kwanza ya miwani ikapita. Ya pili. Ya tano. Macho ya Mbinya yaliendelea kuzurura, yakipita nyuso za watu bila kubisha hodi. Mwanzia alimpungia mkono, akamtikisia funguo zilizofungwa kitambaa zisilie. Hakuna. Nyumbani watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini, na kila mmoja akawa anamtia mwenzake moyo kwa maneno asiyoyaamini. Ndivyo ilivyokuwa hadi Jumamosi, siku ya nane.

Asubuhi hiyo Koki alikuwa akifua uani pamoja na Asenath. Mama Mwanzia alimlaza mtoto kitandani kumbadilisha nepi. Alikuwa na pini ya nepi kati ya meno, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, aliinama juu yake akiwa hasemi chochote.

Macho ya Mbinya yakapita usoni pake. Yakasimama. Yakarudi.

Mama Mwanzia aliganda, mikono yote miwili imeshika ncha za nepi. Nyuma ya ile miwani minene macho meusi yalikuwa yanamtazama. Yalitazama kilemba chake cha rangi ya chungwa. Yakashuka kwenye pua. Yakafika mdomoni, penye meno na kitu king'aacho, yakakaa hapo muda mrefu. Mdomo wa mtoto ukapinda. Kidevu kikatetemeka. Kisha Mbinya akaangua kilio cha hofu ambacho hakijawahi kusikika katika nyumba ile.

Koki aliingia mbio, mapovu yamefika viwikoni, Asenath nyuma yake. "Umemchoma na pini?"

Mama Mwanzia alitikisa kichwa. Aliusogeza uso wake pembeni, na kilio kikakoma. Akaurudisha. Mtoto akamtazama, akapinda mdomo, akalia upya. Aliondoka tena. Kimya. Akarudi. Kilio.

"Mungu wangu," Asenath alisema. "Anakuogopa."

"Ananiogopa!" Pini iliruka ikaanguka chini. "Ananiogopa, Koki! Ameniona, ndiyo maana ananiogopa! Nani huogopa asichokiona? Aaai, mjukuu wangu, niogope! Niogope sana!" Na akapiga vigelegele hivi kwamba madirisha ya nyumba za pili yakafunguka. Asenath alivijibu kwa vyake bila kuuliza sababu. Uani mtu akaacha ndoo ikafurika. Koki aliketi sakafuni palepale, mapovu na yote, akicheka na kulia, akitafuta simu ya kumpigia Mwanzia, kisha daktari, kisha Jecinta, na vidole vyenye sabuni vikateleza kwenye kioo.

Mtoto, kwa kusikia ile sauti anayoijua, alinyamaza ghafla. Macho yake yakaanza kutafuta inakotoka.

"Ongea naye, mama," Koki alisema. "Ongea ajue ni wewe."

Mama Mwanzia aliinama tena. Alifungua mdomo, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno sokoni wala hospitalini, na neno halikutoka. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni yakadondokea miwani ya mtoto. Mbinya aliyatazama yakianguka, moja baada ya jingine, kisha akaunyanyua mkono wake mdogo, akalenga, akakosa, akalenga tena, akaishika pua ya bibi yake.